Mkono Chini ya Kromu

Ukikaa karibu na fundi huyu, kabla hujaisikia mashine yake utaisikia pua yake. Kila anapovuta pumzi hutoa mluzi mwembamba, kama wa mtu anayemwita mbwa huku hataki majirani wajue. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Filimbi, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, nimepakana naye ukuta mwaka wa kumi na nne sasa, na mluzi ule nimeuzoea kiasi kwamba siku asipofungua naona kama hewa imepungua kitu.

Kazi yake ni kung'arisha chuma cha pua, ile stenlesi isiyoshika kutu. Watani hawakumwachia hilo. Mtu mwenye tundu puani kushinda na chuma cha pua, wanasema, anatafuta kiraka. Yeye hucheka nao. Lakini tundu lile alilipata kazini, na kazi yenyewe haikuwa hii.

Alilelewa na mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyekuwa na karakana ya kupaka kromu. Kilikuwa chumba kirefu chenye mapipa matatu: la shaba, la nikeli, na la kromu yenyewe, ambalo maji yake yalikuwa mekundu ya kutia kiza, na yakipitishwa umeme yalitoa mvuke wa kuchoma koo. Chuma kiliingia humo kijivu kikatoka kioo. Mvuke ule ulikula pua ya mjomba, kisha ukala ya mpwa. Tundu hufunguka kwenye ukuta wa katikati ya pua bila maumivu yoyote, na mwenyewe hulijua siku anapoanza kupiga mluzi. Wakawa wawili chumbani, kila mmoja na mluzi wake. Wa mjomba ulikuwa mzito kidogo, na mwishoni ulikatika mara mbili, kama mtu anayetaka kusema neno halafu akaghairi.

Mjomba alikufa kwa kifua, mpwa akiwa na miaka ishirini na sita. Karakana ilivunjwa ikajengwa ghala. Picha ya mjomba hakubaki nayo hata moja. Filimbi aliapa kwamba hatayasogelea tena maji yale, akachagua chuma ambacho hung'aa chenyewe bila kuvishwa kitu. Mteja akitaka kromu, yeye humwandalia kipande, akakipeleka kwa mpakaji wa mtaa wa pili, akakisimamisha mlangoni na kurudi zake.

Asubuhi moja, saa nne hivi, walifika mama na bintiye wakiisukuma pikipiki kwa mikono. Mama alikuwa mshonaji, mwenye futi ya kitambaa shingoni hata barabarani. Binti alikuwa mkunga, ndiyo kwanza amepangiwa zahanati iliyo mwendo wa saa nzima kwa pikipiki. Alitaka kuitumia hiyo, ambayo ilikuwa ya baba yake, bamba la nyuma lenye doa likishatengenezwa, na mama alikuwa amekubali baada ya kuombwa muda mrefu.

Habari ya huyo baba tulikuwa tunaijua sote. Alikuwa msoma mita za maji. Miaka tisa nyuma aliondoka nyumbani asubuhi kama kawaida, akiwa na daftari lake na kalamu nyuma ya sikio. Kabla ya saa sita pikipiki ilikutwa kando ya barabara ya tambarare, imesimama kwa stendi yake, ufunguo mahali pake, kofia imetundikwa kwenye kioo, injini bado ya moto. Pande zote mbili ni uwanda wa nyasi fupi. Hata kuku angeonekana kwa mbali. Walimtafuta wiki tatu. Hawakupata unyayo, hawakupata kiatu, hawakupata hata kalamu. Mkewe aliirudisha pikipiki nyumbani, akaiweka kwenye chumba cha kushonea, akaishonea shuka lake lenye upindo, na kila asubuhi akaipangusa kama mtu anavyompangusa mgonjwa.

Filimbi hakuwa na haraka. Aliwakalisha kwenye benchi, akatandika kitambaa cheusi, akaweka juu yake vipande viwili vya bamba, kimoja cha kromu na kimoja cha stenlesi iliyong'arishwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, maana wateja wake mara nyingi huishia kununua taa au kebo kwangu. Akawaambia wajitazame.

Kwenye kromu sura ilitoka kali, yenye ubuluu wa mbali, kama uso ulioinamia kisima. Kwenye stenlesi ilitoka laini zaidi, na joto kidogo, kama mwanga uliopita kwenye pazia. Akawaeleza kwamba kromu ni nguo. Ni nzuri kuliko zote, haichoki kumetameta, ukipitisha kitambaa imetosha. Lakini chini yake ni chuma cha kawaida, na unyevu ukipata tundu la ncha ya sindano, kutu hutembea humo kimya kimya, na mwenye mali hajui kitu hadi nguo ianze kubanduka. Stenlesi haina nguo. Ilivyo nje ndivyo ilivyo ndani. Itachubuka, ndiyo, lakini ikichubuka unaisugua ikarudi. Ubaya wake ni kwamba bamba jipya hukatwa na kufinyangwa kwa mkono, na jicho linaloijua pikipiki ya zamani litajua kuwa si lile.

Binti hakufikiri mara mbili. Alitaka kromu, kama alivyokuwa nayo baba.

Mama aliinuka, akalivuta shuka lililokuwa limebaki upande wa nyuma, na kuonyesha madigadi, lile bamba la kuzuia matope juu ya gurudumu.

Kulikuwa na mkono. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, kiganja na vidole, umekaa juu ya madigadi kama wa mtu aliyeishika ili aisukume pikipiki. Filimbi alipitisha ukucha juu yake. Kromu ilikuwa nyororo, haikukwaruza popote. Mkono ulikuwa chini ya mng'ao, kama kitu kilichozama kwenye maji matulivu. Binti aligeuza uso. Nilijua baadaye kwamba amekuwa akimwambia mama yake ni doa la kutu tu, na kwamba chumba kile yeye alikuwa haingii peke yake.

Nikagundua kuwa mluzi umekoma. Filimbi alikuwa amebana pumzi.

"Fundi," mama akasema, "ukiipeleka kwenye kromu, huu mkono utakwenda wapi?"

Filimbi aliuondoa ukucha. "Nguo ya zamani lazima ivuliwe kwa tindikali, mama. Chuma kisuguliwe hadi kiwe kipya, ndipo kivishwe tena. Mkono utakwenda na maji."

"Na ukinitengenezea ya stenlesi?"

"Hii hapa utarudi nayo nyumbani ilivyo."

Wakaanza kubishana kwa sauti ya chini, mama na mwana, ubishi wa watu waliokwisha kubishana sana juu ya jambo hilohilo. Binti alisema hawezi kuendesha huku mkono umekaa nyuma yake. Mama alisema baba yake hajawahi kumdhuru. Mwishowe waliondoka bila kuamua, pikipiki wakaiacha kwetu, na mama akaniomba mimi, si fundi, nihakikishe imefunikwa.

Walipopinda kona Filimbi alinivuta ndani. Akanionyesha kidole cha kati cha ule mkono. Vingine vyote vilikuwa kamili, ila hicho kiliishia kwenye pingili ya pili.

"Mjomba wangu," akasema, "kidole chake cha kati kiliondoka na gurudumu la kung'arishia. Mkono wa kulia. Pingili moja."

Akaniambia mambo ya ufundi ambayo sikuwa nayajua. Chuma kikishaoshwa na kuwa tayari kwa mapipa, ni mwiko kukigusa kwa mkono mtupu. Mafuta ya ngozi hubaki, nikeli haishiki vizuri pale, na ingawa kinatoka kinang'aa kama vingine, baada ya miaka mingi kutu huanza hasa pale mkono ulipogusa, na umbo la mkono hujitokeza. Mwaka wake wa mwisho mjomba alikuwa amekufa ganzi vidoleni kwa sababu ya maji yale. Alikuwa haoni tofauti ya kuvaa glavu na kutovaa. Tukaigeuza madigadi na kuichunguza kwa ndani kwa tochi, na kweli, karibu na tundu la skrubu zilikuwepo alama tatu ndogo za patasi. Hiyo ilikuwa alama ya karakana yao.

Basi mambo yakawa wazi, na mimi nilipumua. Lakini Filimbi alikaa chini. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na moja, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa ameuona mkono wa aliyemlea.

Siku mbili hakufanya kazi ya maana. Alijiuliza amwambie yule mama au anyamaze. Nilimshauri anyamaze, mtu akishaegemea ukuta wa udongo, usiumwagie maji. Yeye akasema fundi akijua kilichomo ndani ya chuma halafu akakaa kimya, hana tofauti na mwizi. Siku ya tatu alasiri alienda, akaniomba nifuatane naye, kwa sababu mwanamume kwenda peke yake kwa mke wa mtu aliyepotea huzua maneno.

Chumba cha kushonea kilikuwa kisafi, chenye dirisha moja na cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Pale pikipiki ilipokuwa imekaa miaka tisa sakafu ilikuwa na rangi tofauti. Mama alitusikiliza bila kuinua mguu kwenye cherehani. Alishona taratibu Filimbi akimweleza mafuta ya ngozi, nikeli, kidole, alama za patasi. Alipomaliza, mama alikata uzi kwa meno.

"Kidole hicho bado kinakuja," akasema.

Alifungua droo akatoa kipande cha kitambaa cheupe, akakitandaza mezani. Kila mwaka, siku ileile mume alipopotea, alikuwa akikiweka kitambaa juu ya madigadi, anaupiga mkono chaki, halafu anaushona kwa uzi wa rangi yake. Uzi wa kwanza, wa bluu, ulikuwa mstari mfupi tu wa kisigino cha kiganja. Wa pili ulikuwa kiganja kizima. Wa nne ulikuwa na kidole kidogo. Kidole gumba kilikuja kwa uzi wa kijani, mwaka juzi. Mistari ilikaa mmoja ndani ya mwingine, kama kitu kinachokaribia kutoka mbali. Mimi nilitazama dirishani.

Akamwambia Filimbi, kwa heshima kabisa, kwamba hamkatalii mjomba wake. Huenda aligusa. Lakini mwanamke aliyemkatia mumewe mashati kwa miaka kumi na minane anaujua mkono unaotoka kwenye mkono wa shati. Kisha akaamua: atengenezewe ya stenlesi, binti aendeshe, na ya zamani irudi kwake.

Kazi ilichukua siku tisa. Filimbi alilikata bamba la stenlesi, akalifinyanga kwa nyundo ya mpira juu ya gunia la mchanga, akaanza kulisugua kwa msasa mkali, kisha wa wastani, kisha ule laini unaotumiwa na maji, na mwisho gurudumu la kitambaa na sabuni yake ya kijani. Madigadi ya zamani aliitundika ukutani kwenye msumari, iwe kipimo chake. Ilitutazama sote wawili, maana kati ya karakana yake na duka langu kuna dirisha dogo lisilo na kioo.

Siku ya nne, mchana, jua likiwa kichwani na mtaa umetulia kwa joto, alizima mashine ili anywe maji. Nilikuwa nahesabu plagi kwenye boksi. Mluzi wake ulikuwa unakwenda kama kawaida, nami sikuutilia maanani. Halafu nikaona anageuza kichwa polepole kunitazama kupitia dirishani. Kikombe kilikuwa mdomoni mwake. Alikuwa anakunywa, na mtu anayemeza maji havuti pumzi.

Mluzi uliendelea. Ulikuwa mzito kidogo. Mwishoni ukakatika mara mbili.

Filimbi alikishusha kikombe, akafuta mdomo, akawasha mashine, na mashine ikameza sauti zote.

Asubuhi ya siku iliyofuata aliniita na kuniomba nije na rula yangu ya chuma. Kile kidole kifupi kilikuwa kimesogea kwa milimita tatu. Nikamwambia kutu hutembea, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Alikubali. Keshoye kilikuwa kimesogea tano. Mahali pengine popote kwenye madigadi kutu haikusogea hata kwa unywele; nilipima mimi mwenyewe, na siandiki hili kwa ushabiki, sikutaka liwe hivyo. Siku ya nane kidole cha kati kilikuwa kirefu kuliko vingine vyote, kama kilivyo cha mtu yeyote, na mwishoni kilikuwa kimejichonga mviringo.

"Kutu haijui kuhesabu pingili," Filimbi akasema.

Alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua. Nilimwonea huruma. Mkono alioutambua kwa kidole chake umeota kidole, na sauti aliyoisikia haikuwa ya msoma mita yeyote. Kama alikuwa mjomba, kidole kilitoka wapi? Kama alikuwa yule mume, nani alipiga mluzi? Nilimwambia aifunike kwa gunia. Alikataa. Alisema amekaa miaka thelathini na tano bila kuisikia sauti ile, na hawezi kuwa yeye wa kuifunga mdomo.

Siku ya tisa walikuja kuchukua mali yao. Madigadi mpya ilikuwa imekwisha kufungwa, na ilikuwa kazi safi. Nimeona kazi nyingi za Filimbi, ile aliitendea haki. Binti aliizunguka pikipiki, akainama, akajiona kwenye chuma, uso wake ukiwa na ule ulaini. Akasema ni nzuri kuliko alivyodhania. Sikumsikia tena akiitaja kromu.

Mama alikwenda moja kwa moja ukutani. Alikitazama kidole, hakushtuka. Akaweka kiganja chake juu ya kile kiganja, kidole kwa kidole, akakaa hivyo kwa muda. Filimbi akamweleza, kwa sauti ndogo, habari ya mluzi. Alitegemea labda mama atachukia. Mama akasema nyumbani kwake kuna nafasi ya kutosha.

Binti aliiwasha pikipiki, akaondoka kwenda kazini kwa barabara ileile ya tambarare, maana hakuna nyingine. Mama yake alishinda mlangoni siku nzima bila kushona hata mfuko. Saa kumi na moja binti alirudi, amebeba sabuni na mkate. Alikuwa amezalisha watoto wawili siku hiyo, alichotaka ni kuoga tu. Keshoye akaenda tena, akarudi. Hivyo hadi leo.

Mkono haukukua tena. Umetundikwa kwenye chumba cha kushonea, mahali penye mwanga, na kitambaa cha nyuzi kimekunjwa kikarudi kwenye droo. Filimbi alianza kwenda huko kila Alhamisi alasiri. Mwanzoni watu walisema amepata mchumba uzeeni, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema. Lakini siku moja nilipeleka kebo ya breki nikawaona. Yeye alikuwa chumbani peke yake, ameketi mbele ya ile madigadi mikono magotini. Mama alikuwa nje uani akianua nguo, amempisha.

Nilimsaidia kukunja shuka. Akanieleza jinsi walivyokubaliana, kama mtu anayeeleza zamu za kuchota maji. Alhamisi ni ya mjomba. Siku nyingine zote ni za mume wake. Hawaulizani zaidi ya hapo, na mpaka sasa hawajakosana.

Tukiwa bado na shuka mikononi, binti aliingia na pikipiki, akaizima, akavua kofia. Aliuliza leo ni siku gani, mama akamjibu ni Alhamisi. Alivua viatu, akafika kwenye kizingiti cha chumba kile alichokuwa haingii peke yake, akaingiza kichwa.

"Shikamoo, babu," akasema.

Filimbi hakugeuka, alijua si yeye aliyesalimiwa. Binti alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa, kisha akaenda kuoga.